Mashine ya kahawa haijafa, imezibwa na chokaa

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika gazeti lako tukufu ili nitoe dukuduku langu juu ya jambo ambalo baadhi ya wasomaji wataliona dogo, lakini ambalo linawapotezea wakazi wa jiji hili fedha na, mara nyingine, linahatarisha nyumba zao. Nazungumzia mashine za umeme za kuchuja kahawa nyumbani, zile zenye tangi la maji mgongoni, chujio juu, na jagi la kioo lililokaa juu ya sahani ya moto. Nilifanya kazi ya umeme wa majumbani kwa miaka 28 kabla ya kustaafu, na mpaka leo majirani zangu wa Tabata huniletea vyombo vyao vinapowagomea. Mashine nyingi za namna hii zilizopita mikononi mwangu zililetwa zikiwa zimekwisha kuhukumiwa kuwa zimekufa, na nyingi kati ya hizo zilikuwa nzima. Kilichozishinda ni chokaa iliyoletwa na maji tunayoyatumia wenyewe, na chokaa hiyo huondoka kwa chupa moja au mbili za siki.

Nitatoa mfano wa jirani yangu mmoja, mama mwenye watoto wawili, aliyekuja barazani kwangu jioni moja akiwa amebeba mashine ndani ya mfuko.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Umeniletea nini?”

“Ni mashine ya kahawa niliyoletewa na kaka. Fundi amesema hita imeungua, ninunue nyingine. Nikaona nikuonyeshe kwanza kabla sijaitupa.”

Nilitia maji kidogo, nikaichomeka, nikabonyeza swichi. Taa iliwaka. Baada ya dakika mbili niliweka kiganja karibu na sahani ya jagi na kuona kwamba ina moto mkali, wakati juu kwenye chujio hakukuwa na hata tone. Hapo hapo nilijua kwamba fundi yule hakuipima, kwa sababu katika mashine hizi za kawaida hita ni moja tu: ndiyo inayochemsha maji na ndiyo inayopasha sahani. Sahani ikipata moto, hita ni nzima, na tatizo ni kwamba maji hayapiti.

Nilichomoa waya, nikaacha mashine ipoe, nikaigeuza na kufungua skrubu za chini. Ndani kuna bomba la alumini lililopindwa kama herufi U, limeshikamana na hita, na kila ncha yake imevalishwa mpira: mmoja unaleta maji kutoka kwenye tangi, mwingine unayapandisha hadi kwenye chujio. Nilipouvuta mpira wa kwanza zilidondoka mezani chembe nyeupe zilizopauka, ngumu kama punje za mchele mbichi. Ndani ya bomba palikuwa na ukoko mweupe ulioganda pande zote, mfano wa ukoko wa wali chini ya sufuria, na tundu lililobaki lilikuwa jembamba kuliko mrija wa soda. Kwenye shingo ya ule mpira wa kwanza kuna vali ndogo yenye gololi ya plastiki, ambayo kazi yake ni kuruhusu maji yaende upande mmoja tu. Gololi ile ilikuwa imegandishwa na chokaa, haitikisiki. Sikubadilisha kifaa chochote. Niliisafisha kwa siki, nikaifunga, na siku iliyofuata mama yule alikunywa kahawa iliyotoka kwenye mashine ambayo ilibaki kidogo itupwe.

Ni vizuri msomaji aelewe mashine hii inavyofanya kazi, kwani akiielewa hatadanganywa na mtu. Ndani yake hamna pampu. Maji hushuka yenyewe kutoka kwenye tangi, yanapita kwenye vali na kuingia katika lile bomba la moto. Yanapoanza kuchemka hutoa mapovu ya mvuke, na mapovu hayo, kwa kuwa vali imefunga njia ya kurudi nyuma, huyasukuma maji juu kidogo kidogo mpaka yanamwagikia kahawa. Ile sauti ya kukoroma tunayoisikia ndiyo mapovu hayo yakifanya kazi. Tangi likiisha, bomba hukauka na joto lake hupanda; kidhibiti joto, ambacho mafundi hukiita themostati, hukata umeme, kisha huurudisha joto likishuka, na hivyo ndivyo sahani inavyobaki na moto wake. Mashine ya kwanza ya umeme ya aina hii, iliyoitwa Wigomat, ilitoka Ujerumani mwaka 1954, na chujio la karatasi lilibuniwa na mama mmoja wa Dresden, Melitta Bentz, mwaka 1908. Chombo chenye sehemu chache kiasi hiki, ambacho mtu aliyewahi kushika bisibisi anaweza kukielewa kwa nusu saa, hakistahili kutupwa kwa neno la mtu ambaye hakukifungua.

Sasa niseme juu ya maji, kwa kuwa hapo ndipo penye chanzo cha mambo yote. Wapo katika jiji hili wanaopata maji ya bomba ya DAWASA yanayotoka Mto Ruvu, na wapo wengi wanaotumia maji ya visima, ama kwa sababu bomba halijawafikia au kwa sababu mgao haueleweki. Maji ya visima vya pwani yetu hupita katika udongo na miamba yenye chokaa, pamoja na mawe ya matumbawe, na yakipita huiyeyusha na kuibeba bila kuonekana kwa macho. Anayetaka kujua chokaa hiyo ni kitu gani akumbuke kilima cha Wazo kule Tegeta, ambako yanachimbwa mawe ya kutengenezea saruji: ukoko ulio ndani ya mashine yako ni ndugu wa jiwe lile. Maji yanapopashwa moto huishusha chokaa yake, na huishusha pale pale penye moto mkali zaidi, yaani ndani ya lile bomba jembamba la alumini.

Watu wengi huchanganya maji ya chumvi na maji yenye chokaa, nami naomba tuvitenganishe. Chumvi huonekana kwa ulimi, na huharibu ladha ya kahawa hata ungenunua buni bora kutoka Moshi au Mbinga, kuchemsha hakuiondoi. Chokaa haina ladha kali, lakini huonekana kwenye sabuni, kwani maji yenye chokaa nyingi huikatalia sabuni kutoa povu, na huonekana pia kwenye birika la umeme, ambalo chini yake huota ugando mweupe. Visima vyetu vingi vina vyote viwili. Kama birika lako lina ugando, usihangaike kufungua mashine ya kahawa ili kuthibitisha. Ndani yake mna hali hiyo hiyo, na pengine mbaya zaidi, kwa kuwa birika unaliona na kulisugua wakati bomba la mashine haulioni kamwe.

Dalili za chokaa huja polepole, na ndiyo sababu watu huzizoea bila kushtuka. Mashine iliyokuwa ikijaza jagi kwa dakika 8 inaanza kuchukua 12, kisha 20. Inatoa mvuke mwingi kuliko zamani na inakohoa badala ya kukoroma. Baadaye inazima yenyewe huku tangi likiwa bado na maji, kwa sababu ukoko umezuia joto lisiingie kwenye maji, bomba limepata moto kupita kiasi, na themostati imekata kabla ya wakati. Kahawa nayo inatoka nyepesi au yenye uchachu, kwani maji yanayostahili kuimwagikia yakiwa na nyuzi joto kati ya 92 na 96 sasa yanafika yakiwa yamepungua joto au yanafika kwa matone matone.

Dawa yake ni siki nyeupe, ile ile tunayoitia kwenye achari na kachumbari. Changanya siki na maji sawa kwa sawa, jaza tangi, weka karatasi mpya ya chujio bila kahawa, kisha washa. Mchanganyiko ukifika nusu ya jagi, zima mashine na uiache itulie kwa saa moja, ili siki iliyobaki ndani ipate muda wa kuila chokaa. Ukitega sikio utasikia inachemka kwa sauti ndogo hata ikiwa imezimwa. Hiyo ni hewa ukaa inayotoka siki inapoivunja chokaa. Baada ya saa hiyo washa tena mpaka tangi liishe, mwaga, kisha pitisha maji matupu matangi matatu, moja baada ya jingine, ukiipumzisha mashine kidogo katikati. Usione uvivu katika hatua hii ya mwisho, maana harufu ya siki ikibaki utailaumu kahawa isiyo na kosa. Asiyependa harufu hiyo atumie unga wa asidi ya sitriki kwa kiasi cha vijiko viwili vya chakula kwa lita moja ya maji, ambao hufanya kazi ile ile. Wengine huniuliza kuhusu maji ya ndimu. Yanafaa kwa birika, lakini kwa mashine siyapendi, kwa sababu nyama za ndimu zisipochujwa vizuri huenda zikaziba pale pale unapotaka pazibuke.

Kama mashine imeziba kabisa na maji hayapandi hata tone, kuwasha hakutasaidia. Kutazidisha tu moto ndani ya bomba kavu. Tia siki isiyochanganywa na maji kwenye tangi, iache usiku kucha bila umeme, na kila upitapo jikoni itikise kidogo ili siki iingie kwenye vali. Asubuhi washa kwa dakika moja, zima, subiri, washa tena. Mara nyingi itaanza kwa kutema chembe nyeupe ndani ya chujio, na hizo chembe ni za kufurahia. Isipokubali baada ya siku mbili, ndipo uifungue au uipeleke kwa fundi ukiwa tayari unajua cha kumwambia. Na hili nalisema kwa msisitizo: mtu asichanganye siki na jiki kwa kudhani kwamba viwili vitasafisha kuliko kimoja, kwa kuwa vikikutana hutoa gesi ya klorini inayodhuru mapafu, na jiko dogo lisilo na dirisha si mahali pa kujaribu.

Kwa anayetumia maji ya kisima ningeshauri kazi hii ifanyike kila mwezi, na kwa mwenye maji laini kila baada ya miezi mitatu. Lakini ni bora zaidi kuizuia chokaa isiingie. Maji yaliyochemshwa, yakaachwa yatulie mpaka yapoe, yakamiminwa taratibu bila kukoroga, huacha sehemu kubwa ya chokaa yake chini ya sufuria. Sisi tayari huchemsha maji ya kunywa. Kuyatumia hayo hayo kwenye mashine ni suala la kukumbuka tu. Nimewahi kumkuta mtu akitumia maji ya betri kwa hoja kwamba hayana chumvi. Ni kweli hayana, lakini hayakutengenezwa kwa ajili ya kunywewa, na asiyaweke katika chombo cha jikoni.

Baada ya maji, adui wa pili ni umeme, na hapa kuna watu wanaopata hasara bila kosa lao. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Umeme wa Marekani ni volti 120, na wa Japani ni 100. Ndugu aliye huko akituletea mashine kwa mapenzi yake, au mfanyabiashara akiishusha pamoja na vyombo vingine vilivyotumika, mtu huona ncha za plagi hazifanani na soketi zetu, akanunua adapta ya bei ndogo, akachomeka. Adapta hubadilisha umbo la plagi tu, haigusi volti. Hita ya volti 120 ikipewa volti 230 haipati joto mara mbili, hupata karibu mara nne, kwa sababu nguvu yake hupanda kwa kipeo cha pili cha volti. Yaani mashine ya wati 900 hujikuta ikivuta zaidi ya wati 3,000. Kijana mmoja wa mtaani kwetu aliniambia kwamba ya kwake ilichemsha maji “kwa kasi ya ajabu” kwa muda usiofika dakika moja kisha ikanyamaza moja kwa moja. Kabla ya kununua mashine iliyotumika, igeuze na usome kibandiko cha chini. Kikisema 220–240 V, chukua. Kikisema 120 V, itahitaji transfoma yenye uwezo unaozidi wati za mashine yenyewe, na kwa maoni yangu fedha hizo ni heri zinunue mashine nyingine.

Kinyume chake nacho kipo. Jioni, wakati watu wote wamewasha majiko, pasi na feni, volti katika baadhi ya mitaa hushuka. Zikishuka hadi 180, ile mashine ya wati 900 inabaki na wati kama 550, na kahawa huchukua muda mrefu kutoka. Mtu anaweza kuilaumu chokaa bure. Namna ya kutofautisha ni rahisi: pika kahawa alfajiri, wakati umeme umetulia. Ikitoka upesi, mashine yako haina neno. Ikichelewa alfajiri kama inavyochelewa jioni, tafuta siki.

Mashine ikiwa haionyeshi taa wala joto, anza na vitu vya nje. Chomeka taa ya meza kwenye soketi ile ile kuona kama ina umeme. Kisha fungua plagi yenye ncha tatu, kwani ndani yake mna fyuzi. Mashine ya wati 900 huvuta takriban ampea 4, kwa hiyo fyuzi ya ampea 3 ni ndogo kwake. Ya ampea 5 inafaa, na ya 13 ndiyo inayokuja na plagi nyingi. Fyuzi ikiwa nzima, kinachofuata ni themostati na fyuzi ya joto zilizo ndani kabisa, zimelazwa kando ya hita, na hapo inahitajika mita ya kupimia na mtu anayejua kuitumia.

Ndugu Mhariri, juu ya fyuzi hiyo ya joto naomba niseme kwa uchungu. Ni kifaa kidogo kama punje ya mahindi, kimefunikwa kwa soksi nyeupe isiyoshika moto, na kazi yake ni moja tu: joto likizidi kipimo kilichoandikwa ubavuni mwake, hukata umeme na hakirudi tena, ili mashine isiwake moto. Wapo mafundi ambao wakikikuta kimekatika hukitoa na kuunga waya dairekti. Mashine huwaka, mteja hufurahi na kulipa, lakini kuanzia siku hiyo themostati ikishikana hakuna kitu kitakachoizuia hita isiendelee kupanda joto hadi plastiki iyeyuke. Mashine iliyofanyiwa hivyo niliikuta katika nyumba ya jamaa yangu: kitako chake kilikuwa kimelegea na kukunjamana kama mshumaa, kitambaa cha meza kilikuwa kimeungua duara jeusi, na familia ilikuwa imeokolewa na umeme wa LUKU kwisha usiku ule. Sitaki kufikiria kama wangekuwa wamenunua umeme mchana wake.

Fyuzi ya joto hubadilishwa kwa nyingine yenye kipimo kile kile cha nyuzi joto na ampea, na huunganishwa kwa kubanwa kwa koleo badala ya kuchomelewa kwa risasi, kwa kuwa joto la kuchomelea laweza kuikata hata kabla haijafanya kazi. Ni kifaa cha bei ndogo, na wauzaji wa vipuri vya umeme Kariakoo wanakifahamu. Fundi akikuambia ameshaitengeneza mashine yako, mwombe akuonyeshe fyuzi aliyoitoa na aliyoiweka. Fundi mwaminifu hatakasirika kuulizwa hivyo. Pia naomba mafundi wenzangu wajiulize kwa nini fyuzi ile ilikatika: mara nyingi ni chokaa iliyofanya bomba lipate moto kupita kiasi, na ukiweka fyuzi mpya bila kuondoa chokaa, mteja atarudi ndani ya wiki chache.

Kuna kosa jingine ambalo nalikuta hapa Dar es Salaam kwa namna yake. Sisi tumekulia na kahawa chungu, ile inayochemshwa kwenye dele na kunywewa kwa vikombe vidogo pamoja na kashata, na kahawa hiyo husagwa laini sana, karibu iwe vumbi. Mtu akiitia katika mashine ya kuchuja, karatasi huziba, maji hujaa juu ya kahawa, kisha hufurika na kumwagika pembeni pamoja na machicha yake, na mtu huona mashine imeharibika. Mwambie anayekusagia aifanye ichambuke, iwe na chembe kama sukari ya mezani. Ikiwa kahawa ina kipimo sahihi na bado inafurika, tazama kile kivali chenye springi chini ya kikapu cha chujio, kinachozuia matone ukiondoa jagi; machicha hukikwamisha, nacho huoshwa kwa kukibonyeza bonyeza ndani ya maji ya uvuguvugu.

Vile vile tangi ni la maji peke yake. Nimefungua mashine iliyotiliwa maziwa ili itoe kahawa ya maziwa, na harufu niliyokutana nayo sitaieleza hapa. Maziwa huganda na kuungua ndani ya bomba, na siki haiyaondoi kama inavyoondoa chokaa. Anayependa tangawizi, iliki au mdalasini, kama wengi wetu wa pwani tunavyopenda, atie kwenye chujio pamoja na kahawa, na matokeo yatakuwa mazuri kabisa.

Kipimo cha kahawa kinachofaa ni gramu 55 hadi 60 kwa lita moja ya maji, karibu vijiko 10 vya chakula. Ikisha kutoka, isiachwe kwenye sahani ya moto zaidi ya nusu saa, kwani huendelea kuiva na kuwa na uchungu usio wa kahawa. Imiminwe kwenye chupa ya chai, ambayo haikosi katika nyumba zetu. Jagi na kikapu vioshwe kila siku kwa sabuni na maji ya moto, maana kahawa ina mafuta yanayoganda na kuchacha, na ladha mbaya ambayo watu huisingizia mashine mara nyingi hutoka huko. Jagi lililokwisha kuwa la kahawia husafishika kwa kutikisa ndani yake mchele mbichi na maji ya sabuni, kama bibi zetu walivyosafisha chupa. Usiku acha mfuniko wa tangi wazi likauke, kwa sababu unyevu wa jiji hili huotesha ukungu haraka. Lakini kama jikoni mna mende, lifunge likishakauka, kwani mende hupenda sana joto la chini ya mashine na nimewahi kuwakuta humo kwa makumi.

Kupitia gazeti lako nawaomba waingizaji na wauzaji wa vyombo hivi waweke ndani ya boksi karatasi moja tu ya Kiswahili inayoeleza volti, kipimo cha kahawa na namna ya kuondoa chokaa. Maelezo yaliyomo sasa huwa katika Kiingereza, Kichina, Kiarabu na lugha za Ulaya, na mara nyingi ukurasa wa chokaa upo mwishoni ambako hata anayeijua lugha hiyo hafiki. Nawaomba pia wanaouza vilivyotumika wabandike volti ya kila mashine mbele, mahali ambapo mnunuzi ataiona kabla ya kutoa fedha. Na kwa wasomaji ambao mashine yao ipo juu ya kabati imefungwa kwenye mfuko ikingoja kutupwa, naomba kabla ya hapo waichomeke kwa dakika mbili, ikiwa na maji kidogo tangini, waguse pembeni mwa sahani kwa uangalifu, na ikiwa ina moto, waende dukani kununua siki.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi umeme mstaafu,
Tabata, Dar es Salaam